Homa Moja, Ini na Jicho

Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilizaa mbu tele, na mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu, ikaingia mkoa wa Manyara, Tanzania. Mbuzi walitupa mimba, ng'ombe wakafa, na watu wakaugua.

Wengi hupata homa tu na kupona. Kwa nini wachache hutokwa damu? Virusi vya homa hii hupenda ini, na ini likiharibika damu haigandi vizuri. Kima waliochunguzwa maabara walionyesha jambo kubwa: waliotoa mapema intaferoni, mbiu ya mgambo ya mwili, walinusurika, waliochelewa waliugua vibaya.

Jicho lina habari yake. Wiki moja hadi tatu baada ya homa kuanza, retina huweza kuvimba. Mfugaji wa Babati, Manyara, anayeanza kuona ukungu awahi hospitali, hata kama homa imekwisha.