Majina Matatu kwenye Gome: Kufundisha Safari ya Mwisho ya Livingstone kwa Kazi za Utafiti

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili akiulizwa David Livingstone alikuwa nani, jibu huja bila kigugumizi: mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, alipinga biashara ya utumwa, alikutana na Stanley Ujiji mwaka 1871. Akiulizwa maiti ya mzee huyo ilifikaje London kutoka karibu na Ziwa Bangweulu, darasa zima hunyamaza. Makala hii inapendekeza kazi ya utafiti ianzie hapo kwenye kimya, baada ya Livingstone kukata roho, safari ilipobaki mikononi mwa wapagazi na watumishi wake.

Mkasa wenyewe kwa ufupi ni huu. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake waliutoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, wakautia mwili chumvi na kuukausha juani kwa takriban wiki mbili, kisha wakauzungushia merikani na gome la mti. Oktoba walikuwa Unyanyembe, karibu na Tabora. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta huko, aliwashauri wamzike palepale; wakakataa. Februari 1874 waliingia Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili mwili ukazikwa Westminster Abbey.

Haya yote yanaenea ubaoni kwa dakika kumi, na mara nyingi huishia hapo. Lakini safari hii imeacha mashahidi wanaopingana, na kwa mwalimu anayetaka wanafunzi wachunguze badala ya kukariri, mashahidi wa namna hiyo ni mali.

Shahidi wa kwanza ni mti. Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa Nasik nchini India na kujiunga na msafara mwaka 1872, alichonga maandishi kwenye shina. Mwaka 1899 kipande chenye maandishi hayo kilikatwa, na baadaye kikahifadhiwa London. Kina jina la marehemu, tarehe 4 Mei 1873, na majina matatu: Yazuza, Mniasere, Vchopere. Shahidi wa pili ni kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone, kilichohaririwa na Horace Waller na kutoka mwaka 1874. Chenyewe kinasema Livingstone alikufa tarehe 1 Mei. Nani kateleza? Maandishi ya mwisho ya Livingstone mwenyewe ni ya 27 Aprili, kwa hiyo hayasaidii. Kundi moja litasema Wainwright alichonga siku ya maziko, jingine litasema watu walipoteza hesabu ya siku. Hata tarehe ya mkutano wa Ujiji, ambayo Stanley aliitaja kuwa 10 Novemba, hailingani na shajara ya Livingstone. Kila kundi litetee jibu lake kwa ushahidi uliopo mezani.

Majina yale matatu yana uzito kuliko tarehe. Mniasere ni Manua Sera, na Vchopere ni Chowpereh, wazoefu wa misafara ambao baadaye mwaka huohuo wa 1874 walisafiri tena na Stanley. Yazuza huenda ni Susi, mmoja wa watumishi wa Livingstone; wanafunzi wabishane. Chuma, mtumishi mwenzake, hayumo kabisa. Mbona basi vitabu vyetu vyote husema “Chuma na Susi”? Sehemu kubwa ya jibu iko Uingereza: wawili hao walialikwa huko mwaka 1874, wakakaa na Waller, wakamweleza yaliyotokea huku akikiandaa kitabu chake. Manua Sera hakuwapo kwenye meza hiyo. Chama cha Kijiografia cha London kilitengeneza medali 60 kwa ajili ya wapagazi, lakini zilipofika wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika, wengine wakiwa tayari na mizigo mipya mabegani.

Ili darasa liwaone watu hawa, tukio la Kasekera, mashariki ya Unyanyembe, linafaa kusomwa kwa sauti. Wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Wapagazi wakatangaza kwamba wameghairi, wanarudi kuzika Unyanyembe. Wakakata mabua ya mtama, wakayafunga na kuyavisha nguo yakaonekana kama mtu, na barua bandia wakaibana kwenye kijiti kilichopasuliwa, kama wafanyavyo matarishi. Watu wachache wakaondoka na furushi hilo huku wenzao wakiwasindikiza kwa huzuni ya kuigiza. Porini usiku wakalifumua, wakayatupa mabua moja moja, wakarudi kimyakimya. Maiti yenyewe ilikwisha kufungwa upya ikawa kama robota la nguo, ikapita mbele ya macho ya wote. Mtu akishaisoma habari hiyo, neno “watumwa waaminifu” linalotumiwa ovyo juu ya watu hawa linamkwama kooni.

Maswali mengine yagawiwe makundi madogo. Halima mpishi na Ntaoeka walikuwa wakifanya nini msafarani, na kwa nini majina yao hayamo katika muhtasari wa somo? Mtoto Losi, aliyekufa kwa kuumwa na nyoka njiani, alifuatana na nani? Wanaopenda baiolojia wachunguze jinsi mwili ulivyotambuliwa London kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba mwaka 1844.

Kuna suala la lugha. Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili, ilhali kitabu cha Waller ni cha Kiingereza. Hilo lisichukuliwe kuwa kikwazo. Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara, hivyo mwanafunzi anayetafsiri ukurasa mmoja anaurudisha mkasa karibu na vinywa vilivyousimulia. Atalazimika kujiuliza kirangozi ni nani na nyapara ni nani. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara aliyekutana na Livingstone mwaka 1867, aliacha kitabu cha maisha yake kwa Kiswahili. Kurasa chache za kitabu hicho zinatosha kuwaonyesha kwamba misafara ilikuwa na waandishi wake.

Shule isiyo na intaneti haihitaji zaidi ya karatasi sita zilizopigwa chapa: picha ya maandishi ya mti, kurasa tatu za Waller, moja ya Tippu Tip, na ramani. Muda uwe wiki nne. Alama nyingi ziende kwenye daftari la utafiti, ambamo mwanafunzi anaandika aliuliza nini, alikwama wapi na kwa nini alibadili mawazo, kwa sababu ripoti nadhifu hunakiliwa kwa urahisi, lakini daftari lenye mikwaruzo ni gumu kuigiza. Kundi litakaloandika kwamba haliwezi kuamua kati ya 1 na 4 Mei, likaonyesha sababu, lipewe alama zote.

Shule za Bagamoyo zina misheni ambako mwili ulilazwa, za Tabora zina tembe la Kwihara alimokaa Livingstone, za Kigoma zina Ujiji. Za Urambo zina kazi ambayo haijazoeleka: Wainwright, aliyeshika jeneza Westminster Abbey, alirudi Afrika akafia Urambo mwaka 1892. Wanafunzi wa huko waanze na wazee wa mtaa na daftari tupu.