Tuzo ya Kikosi Kizima

Maji ya Ziwa Viktoria yanayovutwa kutoka Mugango na kupandishwa hadi Kiabakari na Butiama hayapandi kwa bidii ya mtu mmoja, bali kwa jamaa nzima ya wachimba mitaro, mafundi bomba, madereva na makarani wa bohari. Hata hivyo, ifikapo Mei Mosi, ada yetu ni kumwita mbele mfanyakazi bora mmoja, akabidhiwe cheti na bahasha, ilhali wenzake wamesimama juani wakipiga makofi. Sikatai ustahiki wake. Lakini taabu ya mradi, hasa muda wa kuukabidhi unapokaribia, huwalemea wote, na dhiki ya moyo haitibiwi kwa pilau na soda za siku ya uzinduzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekwisha kuweka saa zisizozidi 45 kwa juma, ujira wa mara moja na nusu kwa saa za ziada, na likizo ya siku 28 yenye malipo. Hiyo ni haki, wala si hisani. Basi, enyi wakuu wa miradi, itimizeni kwanza haki hiyo, kisha mtoe bakhshishi, na iwe ya kikosi kizima.