Nchi ya Mabwawa: Kutembea kwa Miguu Sologne



Leo twapenda kuwaeleza habari za sehemu moja ya Ufaransa isiyo na mlima wa kupanda, wala maporomoko ya kutazama, wala pwani; na hata hivyo kila mwaka watu wengi huiendea kwa ajili ya kutembea kwa miguu tu. Yaitwa Sologne, na Wafaransa hulitamka jina hilo karibu na "Solonye". Iko kusini ya mji wa Orléans, kati ya mto Loire na mto Cher, na eneo lake lapata hekta 500,000. Mtu akipanda garimoshi Paris, akapita Orléans, akaendelea kilomita 36 hivi, hushuka katika mji mdogo wa Lamotte-Beuvron, naye yu katikati ya Sologne.

Kwetu sisi kutembea kwa miguu ni kwenda shambani, sokoni, shuleni au msibani. Wengi watastaajabu kusikia kwamba mtu mwenye motokaa yake huiacha kando ya kijiji, akavaa viatu vizito, akatia mkate na chupa ya maji katika mkoba wa mgongoni, akaenda kilomita 10 au 12 akizunguka bwawa, kisha akarudi palepale alipoanzia. Ndiyo desturi yao, wala hatuoni kwamba ni upuuzi. Mambo mengi ya nchi hayaonekani ila kwa mwendo wa miguu.

Nchi yenyewe ni tambarare kama sinia. Njia zake ni za mchanga laini, hata mzee mwenye mkongojo aweza kuzifuata. Mgeni hana haja ya kuogopa kupotea, maana njia zimetiwa alama za rangi juu ya miti na mawe. Mistari miwili, mweupe juu ya mwekundu, ni alama ya njia ndefu za safari ya siku nyingi. Mstari mmoja wa manjano ni njia fupi ya siku moja au nusu yake. Rangi zikikatana kama msalaba, maana yake ni kwamba siko. Sehemu ya kwanza ya njia hizo ndefu ilifunguliwa mwaka 1947, kutoka Orléans hata Beaugency, kandokando ya mto Loire, yaani mlangoni pa Sologne.

Kushoto na kulia mtembezi aona misonobari, mialoni, na miti myembamba yenye magome meupe. Chini yake kuna kangaga na vichaka vifupi ambavyo mwezi wa Agosti huchanua maua ya zambarau. Kisha, pasipo kutazamiwa, miti yafunguka na bwawa latokea, maji yake kimya kabisa, na korongo amesimama kwa mguu mmoja penye matete. Mbayuwayu warukao juu ya maji hayo mwezi wa Julai watakuwa wamekwisha kuja Afrika kabla ya Desemba. Jioni za Septemba na Oktoba husikika ayala dume wakinguruma msituni kwa kugombea majike. Asiyejua hudhani ni ng'ombe waliopotea.

Atazamaye haya yote hudhani kwamba nchi imekuwa hivi tangu kuumbwa kwake. Sivyo. Udongo wa Sologne ni mchanga uliolala juu ya mfinyanzi. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda: hayazami kwa sababu ya mfinyanzi, wala hayakimbii kwa sababu hakuna mteremko. Watu wa kale, hasa watawa na mabwana wa nchi, walichagua mabonde yenye kina kidogo, wakajenga boma la udongo upande wa chini, maji yakajaa. Walikuwa wakitaka samaki, maana siku za mfungo Wakristo hawakula nyama, na bahari ilikuwa mbali. Leo yahesabiwa mabwawa kama 3,000, na karibu yote ni kazi ya mikono.

Chini ya kila boma kuna kizibo. Katika majira ya baridi mwenye bwawa hukivuta, na kwa siku kadhaa maji hutoka polepole yakiingia bwawa la pili, maana mabwawa yamefuatana kama shanga katika uzi. Samaki wote hukusanyika katika shimo moja karibu na boma, na watu huingia matopeni na nyavu zao kuwatoa. Nyakati hizo mtembezi aweza kusimama akitazama. Katika kijiji cha Saint-Viâtre kuna Nyumba ya Mabwawa, ambamo mgeni huelezwa kazi hii yote.

Kijiji hicho zamani kiliitwa Tremblevif, jina ambalo masikioni mwa Mfaransa lakumbusha kutetemeka. Na mtakatifu wake, Viâtre, aliombwa na wagonjwa wa homa. Msidhani kwamba malaria ni ugonjwa wa nchi za joto peke yake. Hata katikati ya karne ya 19 wakulima wa Sologne walikuwa wakitetemeka kwa homa ya vipindi, na wengi walikufa wangali vijana. Walilaumu hewa mbaya ya mabwawa. Daktari wa Kifaransa, Alphonse Laveran, alikuwa bado kukiona kijidudu cha malaria katika damu. Jambo hilo alilifanya Algeria mwaka 1880. Habari ya mbu nayo ilithibitishwa na Ronald Ross huko Uhindi mwaka 1897. Basi watu wa Sologne waliponywa na dawa ambayo sababu yake hawakuijua vema: walikausha madimbwi, wakachimba mifereji, wakapanda miti.

Reli ya kutoka Orléans kwenda Vierzon ilifika mwaka 1847. Mwaka wa pili ulianza kuchimbwa mfereji wa Sauldre, ukamalizika 1869, urefu wake zaidi ya kilomita 40, ili mashua zilete udongo wa chokaa kutoka Blancafort na kuitia nguvu ardhi iliyochoka. Mfalme Napoleon III mwenyewe alinunua mashamba huko kuwaonyesha wengine mfano. Misonobari ilipandwa kwa wingi, na mingi ikauawa na baridi kali ya 1879 hadi 1880, ikabidi kupandwa tena aina nyingine yenye kustahimili zaidi.

Lakini reli iliyoleta watu wa kazi ilileta na matajiri wa Paris. Waliona nchi yenye maji, vichaka na wanyama, na bei ya ardhi rahisi. Wakanunua mashamba makubwa kwa ajili ya kuwinda. Tangu hapo Sologne imekuwa na watu wa namna mbili: mwenye msitu, na yule akaaye kando ya msitu. Mwandishi Maurice Genevoix alipewa tuzo ya Goncourt mwaka 1925 kwa kitabu chake kiitwacho Raboliot, kinachomsimulia mtu wa Sologne awindaye kwa siri katika mali ya wengine.

Sasa twafika penye neno zito. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20 wenye mashamba wengi walizungushia misitu yao nyua za waya, virefu kumpita mtu, ili nguruwe-mwitu na ayala wasitoke, na watu wasiingie. Nyua hizo zilifika maelfu ya kilomita. Mtembezi aweza kwenda saa nzima waya ukiwa kushoto na waya kulia, kama kwamba yeye ndiye mnyama aliyetiwa zizini. Wanyama walishindwa kuhama, na wazima moto walinung'unika kwamba hawana pa kupita.

Watu wa vijiji walilalamika miaka mingi, hata wawindaji wengine walisema kwamba kumpiga mnyama asiye na pa kukimbilia si uwindaji. Mwisho Jean-Noël Cardoux, seneta wa Loiret, alipeleka shauri katika Bunge, na tarehe 2 Februari 2023 sheria ikatolewa. Yasema kwamba ua katika nchi ya pori usizidi mita 1 na sentimita 20, tena uachwe wazi sentimita 30 kutoka ardhini, ili mnyama mkubwa aruke na mdogo apite chini. Wenye nyua za zamani walipewa muda hata tarehe 1 Januari 2027 kuzirekebisha, ila zile zilizopita miaka 30.

Hata hivyo sheria hiyohiyo ina upande wa pili. Aingiaye katika shamba au msitu wa mtu, mahali palipowekwa alama kwamba ni mali yake, aweza kutozwa faini, kwa kawaida yuro 135. Ua umepunguzwa, lakini kibao kimepata nguvu. Kwa maoni yetu waliotunga sheria walitaka kuwapoza wenye mali. Lakini mwanakijiji aliyezoea kuokota uyoga pale alipookota babu yake hawezi kufurahi.

Kwa hiyo jambo kubwa kwa mtembezi ni kujua njia ni ya nani. Ufaransa kuna njia za vijiji, ambazo ni mali ya kijiji na zimewekwa kwa matumizi ya watu wote. Mwenye shamba hana ruhusa ya kuziba njia hiyo, hata ikipita katikati ya msitu wake. Lakini njia isiyotumiwa tena na watu kijiji chaweza kuiuza, baada ya kuwauliza wananchi. Na mnunuzi wa kwanza ni jirani mwenye waya. Sheria yao yasema kwamba kupita kwa watu ni mojawapo ya dalili kuwa njia ingali ya wote. Hivyo yule tuliyemstaajabia, azungukaye bwawa bila shughuli yoyote, kumbe anafanya shughuli: nyayo zake ni ushahidi.

Mgeni akitaka kuanza, na aanzie kingo za mfereji wa Sauldre. Mashua za mizigo haziko tena, lakini njia ya kando yake ingaliko, nayo haina mwinuko hata kidogo. Mfereji huo hupata maji yake katika bwawa kubwa liitwalo Étang du Puits, lenye hekta kama 180. Kuanzia Septemba hata mwisho wa Februari ni majira ya kuwinda. Na avae nguo ya rangi kali, tena akiona kibao cha wawindaji njiani, ageuke achague siku nyingine.