Mbetula na Miguu Yake



Nimepewa nusu saa nizungumzie mti mmoja tu: ule wenye gome jeupe ambao kila mteja hapa Minnesota anautaka mbele ya nyumba. Kazini tunautaja kwa Kiingereza kutwa nzima. Leo nitauita mbetula, kutokana na jina lake la kitaalamu, Betula.

Nianze na wangu uliokufa. Nilipopata nyumba niliupanda upande wa kusini, katikati ya nyasi, hatua tatu kutoka kwenye lami ya kuegesha gari. Nilitaka majirani wauone. Shimo nililichimba kama la mgomba, nikafukia udongo hadi juu ya shingo ya shina. Mwaka wa nne kilele kikachelewa kutoa majani. Mwaka wa tano juu kulikuwa na fito tupu na chini kijani, nami nikasingizia baridi. Mwaka wa sita nikaukata. Nilipobandua gome nilikuta vijia vinavyopinda huku na huku, vimejaa ungaunga wa kahawia.

Mwenye vijia hivyo ni mbawakawa mwembamba, mweusi mwenye mng'ao wa shaba, mwenye urefu wa sentimita moja hivi. Jike hutaga kwenye nyufa za gome majira ya joto. Mabuu huingia na kula tabaka lililo chini ya gome, ambalo hupitisha chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini. Njia ikikatwa, mizizi inashinda njaa na mti unaanza kukauka kuanzia kileleni. Mdudu akishakomaa hutoka kwa tundu dogo lenye umbo la herufi D. Mkiona tundu la duara, huyo ni mwingine.

Hata hivyo, simlaumu sana. Mbetula wenye maji ya kutosha hupambana naye, ukaviziba vijia vyake kwa mbao mpya. Ndiyo yale matuta mnayoyaona wakati mwingine chini ya gome la mti ulio hai. Wangu haukuwa na nguvu hiyo. Nilikuwa nimeupika mizizi miaka mitano.

Nendeni kaskazini, karibu na Ziwa Superior, muuangalie ukiwa kwao. Kichwa kiko juani, lakini miguu imefunikwa na majani yaliyooza, mikangaga na vivuli vya majirani. Mizizi yake ni ya juujuu. Haiendi kutafuta maji mbali chini. Sisi tunautoa huko tunausimamisha kwenye nyasi zilizonyolewa, zinazogombania nao kila tone, halafu tunashangaa. Waliokulia Kisii au Kivu mnajua kutandaza majani ya migomba chini ya mibuni. Mbetula unataka heshima hiyohiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kushika sepetu, tafuteni upande wa kaskazini au mashariki wa nyumba, ambako udongo hupata kivuli mchana na matawi bado hupata jua. Shimo liwe pana, lisiwe refu: shingo, yaani pale shina linapotanuka kuwa mizizi, ionekane juu ya udongo. Mche ukitoka kwenye chungu na mizizi imejizungusha, ikateni ile ya duara bila huruma. Ondoeni nyasi, tandazeni vipande vya mbao unene wa sentimita 5 hadi 10, mkiacha nafasi kuzunguka shina. Wenzetu wengine hurundika matandazo hadi yanakuwa kichuguu. Hayo ni maziko.

Maji yaende polepole. Acheni mpira udondoshe, mkiuhamisha, mpaka unyevu ushuke chini. Kunyunyizia dakika tano kila jioni kunanywesha nyasi tu. Ukame ukija, hata mti wa miaka 20 unywe, na uendelee kunyweshwa vuli mpaka ardhi igande.

Kuhusu aina, hapa sina unyenyekevu. Mbetula mweupe wa Ulaya na ule wa Himalaya ni mizuri, lakini kwa Marekani siipendekezi. Kule Ohio watafiti waliipanda mibetula ya mabara mbalimbali pamoja na kuifuatilia miaka 20. Ya Ulaya na Asia haikuvuka mwaka wa 8. Mbawakawa huyu ni mzaliwa wa Amerika Kaskazini. Mibetula ya kwetu huku imeishi naye tangu zamani, ile ya nje haina kinga dhidi yake. Unaostahimili kuliko yote ni mbetula wa mtoni, Betula nigra, unaoota wenyewe kandokando ya Mississippi hadi kusini-mashariki mwa jimbo letu. Gome lake si jeupe: ni la rangi ya samoni, linachanikachanika kama karatasi kuukuu. Mteja atanung'unika. Mwonyesheni mmoja uliokomaa, wakati wa theluji. Tahadhari moja: kwenye udongo wenye chokaa nyingi unakosa chuma, majani yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Pimeni udongo kwanza.

Kupogoa ni baada ya majani kupukutika. Mkikata mwanzoni mwa majira ya kuchipua, mti utatiririsha maji siku kadhaa. Hilo linatisha mwenye nyumba lakini haliuui mti. Kati ya Mei na Agosti msumeno ukae stoo, maana ndio wakati mbawakawa anaruka na majeraha mabichi yanamwita. Wala msiruhusu watoto kubandua gome kwa mchezo. Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, walitengeneza mitumbwi kwa gome la mbetula, lakini walijua wanabandua nini na lini. Palipobanduliwa hovyo hubaki kovu jeusi.

Dawa zipo. Lakini kilele kikishakufa hadi nusu, kumuuzia mteja dawa ni kumlia fedha yake. Mwambieni ukatwe.

Nje ya ukumbi huu, kando ya maegesho, kuna mbetula mmoja. Tukimaliza chai tutautazama. Anzeni na kilele, mshuke na shina mkitafuta ile D, kisha mpige magoti mniambie shingo yake iko wapi.