Fomu Isiyorudi: Ufuatiliaji katika Miradi ya Jamii ya Kuzuia Kujiua

Mada hii iliombwa iguse uendeshaji wa miradi ya jamii ya kuzuia kujiua kwa upana wake, tangu kupanga hadi kutathmini. Waratibu wa miradi ya kaunti, ambao ndio walengwa wake, hawana haja ya kuelezwa upya mdau ni nani, wala lengo kuu linatofautianaje na malengo mahususi. Hata ukubwa wa tatizo wanaujua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2021 unapendekeza hatua nne: kupunguza upatikanaji wa njia za kujidhuru, vyombo vya habari kuripoti kwa uangalifu, vijana kujengewa stadi za maisha, na walio hatarini kutambuliwa mapema, kuhudumiwa na kufuatiliwa.

Kati ya hayo yote, mada itakaa kwenye kufuatilia, kwa sababu hapo ndipo miradi mingi inapokatikia.

Mtu aliyewahi kujaribu kujiua yumo katika hatari kubwa kuliko wengine, na majuma ya kwanza baada ya kutoka hospitalini ndiyo mazito zaidi. Hata hivyo, ripoti za miradi zimejaa idadi ya waliopewa mafunzo, mikutano ya machifu, maandamano ya Septemba 10, Siku ya Dunia ya Kuzuia Kujiua, na fulana zilizogawiwa. Ni nadra kukuta safu inayosema: watu kadhaa walirudi nyumbani kutoka wodini, na baada ya mwezi mmoja kadhaa kati yao walikuwa wamefikiwa. Safu hiyo haipo kwa sababu mfadhili hakuiomba, na mratibu naye, kwa kuelemewa na kazi, hakuiongeza.

Kenya ina nyenzo za kuanzia. Septemba 2023 serikali ilizindua rasmi mpango wa wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000, kila mmoja akitarajiwa kuhudumia kaya zipatazo 100. Wana fomu ya rufaa, MOH 100, yenye sehemu mbili. Sehemu A hujazwa na mhudumu anapompeleka mtu kituoni. Sehemu B hujazwa na kituo, ili mhudumu ajue mtu huyo amerudishwa kijijini na anahitaji uangalizi gani. Katika malaria na kliniki za wajawazito sehemu B huwa na nafasi ya kurudi. Katika kesi za kujaribu kujiua haionekani. Muuguzi aliyempokea mgonjwa amemaliza zamu, daktari ameandika majeraha na kuacha chanzo chake, na familia imeomba jambo lisisemwe. Mhudumu anakuja kusikia kwa majirani kwamba fulani karudi, tena wiki mbili zimeshapita.

Ukimya huo una asili yake, na wataalamu hawana budi kuisema waziwazi. Kwa miongo mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Nani angetaka jina la mwanawe liandikwe kwenye fomu, huku akijua polisi wanaweza kuja kuuliza? Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Uamuzi huo ni mkubwa. Lakini hofu iliyolelewa muda wote huo haiishi kwa hukumu ya siku moja, na miradi mingi bado haijachukua hata asubuhi moja kuwaeleza wazee wa mitaa, polisi wa vituo vidogo na wauguzi kwamba mambo yamebadilika.

Wapo wanaosema ufuatiliaji ni kazi ya nchi tajiri. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2008 unawajibu. Ulihusisha watu 1,867 waliofikishwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua, katika miji mitano ya Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China. Nusu walipata huduma ya kawaida. Wengine waliongezewa mazungumzo ya takriban saa moja kabla ya kuruhusiwa, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara tisa ndani ya miezi 18, mara nyingi zaidi mwanzoni na kwa nafasi kubwa baadaye. Mwisho wa kipindi hicho, waliokufa kwa kujiua katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 2.2, katika la pili, asilimia 0.2. Ni haki kusema kuwa jaribio la baadaye huko Polinesia ya Ufaransa halikuonyesha manufaa hayo, na tahadhari inafaa. Hata hivyo, hakuna mradi wa jamii ulio na bajeti ya fulana unaoweza kudai kuwa umeshindwa na simu tisa.

Simu yenyewe haihitaji shahada. Mhudumu kijana anampigia mtu wa makamo: “Shikamoo mzee. Nimepiga kukujulia hali tu. Usingizi unakujaje siku hizi? Zile dawa bado zipo?” Akisikia sauti imelegea, anauliza moja kwa moja: “Yale mawazo ya kutaka kujiua yamerudi?” Wahudumu wengi huogopa swali hili, wakidhani litampandikizia mtu wazo. Sivyo, ushahidi uliopo hauungi mkono hofu hiyo, na wengi huona nafuu kuulizwa. Jibu likiwa ndiyo, simu haikatwi mpaka mtu wa karibu naye afike, na msimamizi wa zahanati apigiwe saa ileile.

Kinachokwamisha ni mambo madogo ambayo bajeti huyadharau. Namba iliyoandikwa ni ya jirani. Laini imebadilishwa. Mgonjwa amehamia kwa shangazi yake Malindi. Mhudumu anaingia uani na kizibao chenye nembo ya mradi, na kabla hajakaribishwa kiti mtaa mzima umeshajua. Posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo serikali kuu na kaunti zilikubaliana kuchangia nusu kwa nusu, ndiyo inayotarajiwa ilipie vocha na bodaboda.

Nauli peke yake inaweza kuamua. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe amesimulia hadharani jinsi mwaka 2005 alivyompoteza mgonjwa kijana aliyeshindwa kurudi hospitalini kwa kukosa nauli ya dola 15 hivi. Mwaka uliofuata alianza kuwafundisha bibi 14 wa Mbare, Harare, kuwasikiliza watu kwenye benchi lililo karibu na nyumbani kwao. Huduma ikamfuata mtu alipo.

Mapendekezo. Kila mradi utenge fungu la vocha na nauli ya ufuatiliaji kabla ya kutenga fungu la mafunzo. Hospitali iwe na mtu mmoja anayejulikana, aliyeidhinishwa kujaza sehemu B kwa ridhaa ya mgonjwa, na mwingine wa kushika nafasi yake akiwa likizo. Zichukuliwe namba tatu za simu, mojawapo ikiwa ya mtu aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe. Ziara zifanywe bila vizibao. Uamuzi wa Januari 2025 uelezwe kwa polisi na wazee wa mitaa kwa Kiswahili chepesi. Wahudumu nao wapate wa kuwasikiliza, maana kazi hii inachosha moyo. Ripoti ya robo mwaka ianze na waliofikiwa tena, ndipo ifuate idadi ya waliofundishwa. Wafadhili waombwe wakubali hivyo, na wakikataa suala lifikishwe kwa idara ya afya ya kaunti kwa maandishi. Fungu la vocha, linarudiwa hapa kwa makusudi, lisiguswe hata bajeti inapopunguzwa. Na mradi unapofungwa, majina ya watu ambao miezi yao 18 ya kufuatiliwa haijatimia yakabidhiwe zahanati kwa siri na kwa saini ya muuguzi anayeyapokea, simu na nauli za miezi iliyobaki zikiwa zimeshalipiwa.