DAWA ZA KIFAFA: FAIDA ZAKE NA TAABU ZAKE

Jioni hii napenda kunena nanyi juu ya dawa za kifafa. Wako watu wengi wanaozianza vema, kisha huziacha ghafula kwa kuchoshwa na taabu zake. Na hatari ya kuziacha hivyo yapita taabu ile waliyoikimbia.

Kwanza yapasa tujue dawa hizi zafanya kazi gani. Ndani ya ubongo hupita ishara ndogo ndogo mfano wa umeme. Ziko zinazochochea, ziko na zinazotuliza, nazo hupimana kama mizani. Mizani hiyo ikipotoka ghafula, chembe nyingi za ubongo hutoa ishara kwa pamoja, na mgonjwa huanguka, hukakamaa, na kutikisika. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Basi mtu asiachwe motoni au majini kwa kuogopa povu lake.

Mwaka 1912, katika nchi ya Ujerumani, Daktari Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wake dawa ya usingizi iitwayo fenobabitali, ili watulie usiku. Akaona ya kwamba hata kifafa chao kimepungua. Dawa hiyo yatumika mpaka leo. Huzipa nguvu zile ishara za kutuliza. Lakini kwa kuwa hutuliza ubongo wote, mgonjwa huweza kusinzia na kuwa mzito wa kufikiri. Watoto wengine, kinyume chake, huwa wakorofi wasiotulia. Mara nyingi usingizi huo hupungua baada ya majuma machache, mwili ukiisha kuzoea.

Mwaka 1938 ilijulikana kazi ya dawa ya pili, fenitoini. Hii huzizuia chembe zilizochokozwa zisiendelee kutoa ishara mfululizo. Huweza kuvimbisha ufizi, kwa hiyo mgonjwa hana budi kusafisha meno yake kila siku. Tena ini lina kiasi chake cha kuivunja dawa hii. Kiasi hicho kikijaa, nyongeza ndogo hurundikana katika damu, kama vile gunia moja tu laweza kuzamisha ngalawa iliyokwisha kujaa. Mgonjwa akiyumba kama mlevi, apelekwe kwa daktari apimiwe dawa upya.

Iko na kabamazepini, iletayo pengine kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili. Na iko valproeti, ambayo yaweza kumdhuru mtoto tumboni mwa mama yake. Mwanamke aitumiaye asiiache kwa shauri lake mwenyewe, bali aonane na daktari kabla ya kushika mimba. Tena zile tatu za kwanza hupunguza nguvu za vidonge vya kuzuia mimba, na za baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi. Basi kila daktari umwendeaye mweleze dawa zako zote.

Taabu moja haingoji hata siku moja, nayo ni upele ulio pamoja na homa, malengelenge, au vidonda vya kinywa. Hapo nenda hospitali siku ile ile, ukachukue na dawa zako mkononi.

Sasa sikilizeni jambo linalowadanganya wengi. Fenobabitali haitoki mwilini upesi. Hupita siku tatu, nne, au zaidi kabla nusu yake haijaisha katika damu. Mtu akiiacha Jumatatu, Jumatano bado ana akiba. Usingizi umepungua, mwili umekuwa mwepesi, naye husema moyoni, "Nimepona." Baadaye akiba hupungua, na ubongo uliozoea kutulizwa hubaki bila mtulizaji. Ndipo kifafa hurudi kwa nguvu, pengine mfululizo bila mgonjwa kupata fahamu. Kifafa kikizidi dakika tano, mgonjwa achukuliwe hospitali mara moja, maana huweza kuua.

Ushahidi tunao katika nchi yetu. Mwaka 1960 Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, akitumia zaidi fenobabitali. Mwaka 1992 zilichapishwa habari za wagonjwa 164 wa kliniki hiyo, waliofuatiliwa kwa muda wa miaka 30. Zaidi ya nusu yao kifafa kilikoma kabisa walipokuwa wakitibiwa. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa, na miongoni mwa sababu ni kifafa cha mfululizo, kufa maji, na kuungua moto.

Kwa watu wa pwani habari hiyo ina uzito wake. Mwenye kifafa asiingie baharini peke yake, wala asivue usiku kucha, kwani kukosa usingizi huamsha kifafa. Fedha za korosho zikipatikana, weka kando sehemu ya dawa kabla ya matumizi mengine. Na kabla ya masika kuharibu njia, kachukue dawa za kutosha. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, muulize daktari mapema. Fenobabitali hunywewa mara moja usiku, basi haigombani na saumu. Nazo zinywewazo mara mbili, daktari aweza kuzipanga wakati wa futari na wa daku.

Dawa ikikutaabisha, mwambie daktari. Yeye aweza kuipunguza kidogo kidogo, au kuibadili kwa nyingine, huku ukilindwa. Mwenye mtumbwi unaovuja huyateka maji huku akielekea pwani. Hauachi mtumbwi katikati ya mkondo. Kwa herini.