Chuma Kilichomo Mwilini Kina Jina

Msikilizaji, kabla hujaingizwa kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, unaulizwa swali moja ambalo wengi hulijibu haraka haraka: una kifaa chochote cha chuma mwilini? Aliyewekewa vyuma mguuni baada ya ajali ya bodaboda anajibu ndiyo. Akiulizwa ni chuma gani, anabaki kimya. Anajua tu kwamba daktari aliweka.

Mwaka 1992, huko Marekani, alipelekwa kwenye MRI mgonjwa aliyekuwa na kibanio cha chuma kwenye mshipa wa damu wa ubongo. Wahudumu hawakuzembea. Waliulizia, wakaambiwa kibanio hicho ni cha aina isiyosumbuliwa na sumaku. Kumbe kilikuwa cha aina nyingine kabisa. Kilisogea, kikachana mshipa, na mgonjwa akafariki. Sumaku ilifanya kazi yake kama kawaida. Kilichokosewa ni taarifa.

Sumaku yenyewe si ya mchezo. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya Tesla 1.5 au 3, na hiyo 1.5 peke yake ni kama mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Wala haizimwi jioni watu wakienda nyumbani. Inavuta usiku na mchana.

Ndiyo maana vifaa vya kuwekwa mwilini hupimwa kwanza maabara. Kipimo kimojawapo hakina makuu hata kidogo. Kifaa kinafungwa kwenye uzi mwembamba na kuning'inizwa karibu na mdomo wa mashine, pale mvuto ulipo mkali, kisha mpimaji anaangalia uzi umelala kwa kiasi gani. Usipofika digrii 45, basi sumaku inakivuta kifaa kwa nguvu ndogo kuliko uzito wake chenyewe. Titani huwa haina habari, inaning'inia tu. Kisha kinaangaliwa kama kinataka kujizungusha, kwa sababu kifaa kirefu kinaweza kujigeuza kikitafuta mwelekeo wa sumaku.

Linalonitia hofu zaidi ni joto. MRI hutumia mawimbi ya redio, ndugu zangu, ya jamii moja na haya yanayokuletea sauti yangu. Mashine ya Tesla 1.5 iko kwenye megahezi 64 hivi, ya Tesla 3 kwenye 128, na FM yetu imekaa katikati, kati ya 88 na 108. Waya wa betri ya moyo, au wa kifaa cha kuchochea ubongo kwa mgonjwa wa Parkinson, huyanasa mawimbi hayo kama antena. Joto hukusanyika kwenye ncha, na ncha ndiyo inayogusa moyo au ubongo. Mwaka 2005 mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, FDA, ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wenye vifaa vya kuchochea neva kuumizwa vibaya na joto hilo, wengine wakaingia kwenye koma.

Kupima joto, wataalamu hujaza jeli yenye chumvi kwenye chombo cha plastiki chenye ukubwa wa kiwiliwili, jeli inayopitisha umeme kama mwili unavyopitisha. Maji matupu hayafai, kwa sababu yangezunguka na kulisambaza joto. Kifaa kinazamishwa humo pamoja na vipimajoto vya nyuzi za kioo, maana vya chuma vingeharibu kipimo. Mashine inaunguruma kama robo saa huku joto likisomwa.

Hapa kuna jambo linalowakosesha hata wajuzi. Mtu akisikia kifaa kimepita kwenye Tesla 3, anasema basi kwenye 1.5 hakina neno. Sivyo. Waya hunasa wimbi kulingana na urefu wake, kwa hiyo uliotulia kwenye mashine kubwa unaweza kuchemka kwenye ndogo. Kila mashine ina kipimo chake.

Tangu 2005 viwango vya ASTM, shirika la viwango, vina alama tatu: mraba wa kijani, kifaa hakina hatari, duara jekundu lililokatwa, kisikaribie, na pembetatu ya njano, salama kwa masharti. Vifaa vingi vya chuma viko kwenye njano, na mimi naona hiyo ndiyo alama ya kweli kuliko zote, kwa sababu inakulazimisha usome. Mashine ya nguvu gani? Kwa muda gani? Betri ya moyo yenye ruhusa ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 2011, lakini ruhusa ni ya betri pamoja na waya zake. Ukichanganya betri ya kampuni hii na waya za kampuni ile, ruhusa imekufa.

Sasa kazi yote hiyo ina faida gani kama mgonjwa anatoka hospitali na karatasi iliyoandikwa "amewekewa chuma", basi? Miaka kumi baadaye faili halionekani, daktari kastaafu, na mtaalamu wa MRI anabaki na mawili: abahatishe, au amrudishe mtu ambaye pengine chuma chake kilishapimwa na kuruhusiwa zamani. Yote mawili ni dhuluma kwa mgonjwa, na kuyazuia kunahitaji mistari miwili tu ya kalamu.

Wakuu wa hospitali, jina la kifaa, kampuni na namba ya modeli viandikwe kwenye karatasi ya kutoka hospitali, si kwenye daftari la chumba cha upasuaji peke yake. Na wewe msikilizaji, kama una chuma, betri au kibanio mwilini, usiondoke wodini bila kadi yake. Ipige picha kwa simu, umtumie na mmoja wa nyumbani. Kama uliwekewa zamani na kadi huna, rudi ukaulize sasa, ungali mzima.